Mwani Ulioshiba

Gedion Kimeu alikutwa akielea kifudifudi katika bwawa la tatu, na maji ya bwawa hilo yalikuwa mekundu kutoka ukingo hadi ukingo.

Waumini wa Kanyangi waliitwa katikati ya ibada ya Jumapili, wakaja mbio na Biblia zao mikononi. Walipoyaona maji yale, kina mama walipiga mayowe na wazee wakavua kofia. Damu ya mtu mmoja imejaza bwawa zima! Inspekta Kalunde wa Idara ya Upelelezi alipofika saa nane mchana, habari ya bwawa la damu ilikuwa imeshafika Kitui mjini na kurudi ikiwa imenenepa njiani.

Kalunde alichuchumaa ukingoni, akachovya kidole, akakinusa.

"Hii si damu," alisema. "Damu yote ya mtu mzima haijazi hata debe moja. Nani anayajua maji haya?"

"Mimi, madam," alijibu msichana aliyevaa koti jeupe, macho yamemvimba kwa kulia. Jina lake Ndunge, msaidizi wa marehemu katika maabara ndogo iliyokuwa hatua ishirini kutoka pale. "Ni mwani. Ni mdogo sana, huwezi kuuona mmoja mmoja bila hadubini. Tunaukuza hapa. Uko tayari kuvunwa, ndiyo maana ni mwekundu."

Shamba lenyewe lilikuwa mabwawa kumi na mawili yaliyotandikwa plastiki nyeusi, mali ya familia ishirini za Kanyangi. Gedion ndiye aliyekuwa mtaalamu wao. Mwani ule ulitoa mafuta yenye rangi nyekundu, ambayo wanunuzi waliyatia katika chakula cha samaki na katika dawa. Wenyeji waliuita mboga ya maji, na walipenda kumtania Gedion kwamba amewalimisha mboga isiyolika. Jumapili hakuwa akienda kanisani. Mwani unaokaribia kuvunwa huangaliwa kila siku, na jambo hilo wazee wa kanisa hawakumsamehe hata siku moja.

Mwili ulitolewa, ukapigwa picha, ukapelekwa mochari. Kando ya bwawa wataalamu wa eneo la uhalifu waliokota mwiko mrefu wa mbao, ule wa kukorogea mwani, mkubwa kama wa kusongea ugali wa harusi. Kwenye ubapa wake palikuwa na nywele mbili.

Kesho yake daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti hakuwa na maneno mengi.

"Pigo moja, kisogoni. Kitu kizito, bapa. Mapafu hayana maji. Alikufa kabla ya kuzama."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi."

Alama za vidole zilizosomeka kwenye mwiko, juu ya nyingine zilizofutika, zilikuwa za Daud, mlinzi wa lango. Daud alitoka kaskazini mashariki, na kwa kuwa yeye Jumapili haendi kanisani, zamu ya siku hiyo ilikuwa yake daima. Ndiye aliyekimbia kuita watu. Kalunde alimkalisha mbele ya meza.

"Ulitoka langoni?"

"Sikutoka, madam."

"Daud."

"Wallahi siku—"

"Usimwite Mungu awe shahidi wa mbuzi. Mwenye duka amekuona nyuma ya soko ukiwafukuza."

Daud aliinamisha kichwa. "Mbuzi tatu ziliruka ua. Nilizifuata nusu saa hivi."

"Mbona ulidanganya?"

"Gedion alisema nikiacha lango tena, kazi imeisha. Nikirudi nikakuta yeye kwa maji. Hiyo mwiko ilikuwa pale chini. Nikajaribu kumvuta nayo, ikanishinda. Nikakimbia kanisani."

"Kwa hivyo mlifarakana juu ya lango."

"Tulifarakana. Lakini mtu haui mtu kwa sababu ya lango."

Konstebo Mulinge, aliyekuwa akiandika, alifunga daftari lake kwa furaha. Alama za vidole zipo, ugomvi upo, uongo upo. Mahakama ya Kitui nayo iliona hivyo hivyo, ikaruhusu Daud azuiliwe siku saba. Jumatatu ijayo, asipopatikana mwingine, angesomewa shtaka la mauaji.

"Kesi imeisha, Inspekta," alisema Mulinge.

"Imeisha kwako," alisema Kalunde.

Nje ya kituo walimkuta Abdiya, mke wa Daud, amesimama wima. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Madam, mimi namjua bwana yangu," alisema. "Yeye ni mwongo wa vitu vidogo. Ya kuua hana."

Kalunde alikuwa amesikia wake wengi wakiwatetea waume zao, na karibu wote walisema ni malaika. Huyu alikuwa wa kwanza kukiri kasoro. Neno lake lilimkaa moyoni, na Kalunde hakuwa mtu wa kulipuuza neno lililomkaa moyoni.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho Mulinge hakukitilia maanani. Sakafuni mwa maabara walikuta mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, umejaa nusu maji ya kijani. Alama za vidole hazikufaa kitu, maana mtungi ulikuwa umeshikwa na kusogezwa na nusu ya kanisa. Jumatatu mchana Kalunde alirudi Kanyangi nao, akauweka mbele ya Ndunge.

"Niambie hii ni nini."

Ndunge alidondosha tone moja kwenye kioo, akainama juu ya hadubini. Alikaa vile muda mrefu.

"Asi!" alisema hatimaye. "Ni mwani yetu, madam. Ni ile ile. Lakini hii imeshiba! Angalia vile ni kijani, inaogelea tu. Na haya makombo hapa kando ni samadi. Samadi ya mbuzi."

"Hapa hamtumii samadi?"

"Samadi? Gedion angekufukuza siku hiyo hiyo."

"Basi nieleze kama unavyomweleza mama yako. Kwa nini huu ni kijani, na ule wa bwawani ni mwekundu?"

Ndunge alivuta kiti. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili uso wake ulichangamka.

"Ukiipatia chakula na kivuli, inazaana tu. Inakaa kijani, haina kazi. Sasa ukiinyima mbolea, ile yenye naitrojeni, halafu uianike kwa jua kali, inajua maisha imebadilika. Inaacha kuzaana. Inaanza kujiwekea mafuta ndani yake, na kwa hayo mafuta inaficha rangi nyekundu. Hiyo rangi inaikinga na jua. Gedion alikuwa anasema bila taabu hakuna rangi."

"Kama kondoo na mkia wake," alisema Kalunde. "Ananenepesha mkia kwa ajili ya kiangazi."

"Kabisa, madam. Na sisi tunauza mkia."

Kalunde alisimama dirishani akiyatazama mabwawa. Alizaliwa na wakulima, akakulia mahali ambapo mtu huona aibu mmea wake ukinyauka mbele ya majirani. Kumweleza mkulima wa Ukambani autese mmea wake kwa njaa na jua ni sawa na kumwambia amchape mgeni. Aliyeleta mtungi huu alikuwa ameutunza mwani kwa moyo wote. Aliutilia samadi, akauwekea kivuli, akangoja wekundu. Wekundu haukuja.

"Mulinge, huyu hakuja kuiba," alisema. "Mbegu ya mwani alishaiba zamani. Jumapili alikuja kulalamika."

Mulinge alikuna kichwa.

"Ndunge, nataka mtu aliyeyajua mabwawa haya mpaka mwani ulipokuwa kijani, akaondoka kabla ya kuona mnavyounyima chakula. Yuko?"

Ndunge hakuhitaji kufikiri. Mabwawa yale yalichimbwa kwa mwethya, kazi ya pamoja ya Wakamba, ambapo kila asubuhi majina huitwa na kila nyumba hutoa mtu. Ukikosa siku tatu bila kutuma mtu mahali pako, jina lako hukatwa, na ulichochimba kinabaki cha wengine. Jina lililokatwa lilikuwa moja tu.

"Mbaluka," alisema. "Mtu wa Matiliku. Alioa hapa Kanyangi, akakaa na wakwe zake. Alichimba karibu mabwawa manne, madam, hiyo mikono yake ni chuma. Halafu mama yake akawa mgonjwa huko Makueni, akaenda kumwangalia. Akakosa siku tatu. Gedion ndiye alikuwa anasoma majina."

"Na mama?"

"Alikufa. Mbaluka alirudi siku moja tu, akasikia jina limekatwa, akaenda kabisa."

Jumanne walivuka Mto Athi, wakapitia Wote kuchukua kibali cha upekuzi mahakamani na askari wawili wa Makueni, na kabla ya saa sita walikuwa Matiliku. Mbaluka aliwapokea uani kwa heshima, akawaletea viti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa sauti. Nyuma ya nyumba, chini ya kivuli cha magunia yaliyoshonwa vizuri, palikuwa na shimo lililotandikwa plastiki, na ndani yake maji ya kijani kibichi kama sukuma wiki iliyomwagiliwa jana. Kando palikuwa na gunia la samadi.

"Hii ni nini?" aliuliza Kalunde.

"Ni maji ya ng'ombe tu, madam. Imeshika ukungu."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Walikufa na ukame."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Kwa hivyo unawawekea wafu maji, tena kivulini."

Mbaluka alikuwa akinyoosha pembe ya gunia iliyokunjika, ili jua lisipenye.

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Uliza mtu yeyote."

"Nitauliza."

Aliuliza. Mzee wa kanisa alisema Mbaluka ndiye hushika sahani ya sadaka kila Jumapili, na Jumapili iliyopita sahani ilishikwa na mtu mwingine. Lakini kukosa ibada ni dhambi, si jinai. Na maji ya kijani yapo katika kila birika la ng'ombe kutoka Wote hadi Kitui. Wakili yeyote angesema huo ni ukungu wa kawaida, na Kalunde hangekuwa na la kumjibu.

Walijaza chupa tatu kutoka shimoni mbele ya Mbaluka, wakazitia lakiri. Ya kwanza ilipelekwa maabara ya Serikali Nairobi. Majibu, waliambiwa, ni baada ya mwezi mmoja. Daud alikuwa na siku sita.

"Ndunge," Kalunde alisema kwa simu wakiwa njiani kurudi, "ukungu wa kawaida ukiunyima chakula na kuuanika, unakuwaje?"

"Unapauka, madam. Unakuwa manjano, unakufa."

"Na mwani wenu?"

"Ni lazima ugeuke. Kwa hii jua ya Kitui? Siku tano, sita."

"Panda gari uje kituoni."

Jioni ile, mbele ya mkuu wa kituo na mashahidi wawili, Ndunge aliifungua chupa ya pili, akauacha mwani utuame, akamwaga maji ya samadi, akausafisha kwa maji ya mvua na kuutia katika chupa kubwa ya kioo. Katika chupa nyingine alitia ukungu wa birika la ng'ombe la jirani, akautendea vivyo hivyo. Zote mbili zikawekwa juani ukutani, zimefungwa, zimetiwa sahihi. Chupa ya tatu ilibaki kabatini na lakiri yake.

Mkuu wa kituo alicheka mpaka akakohoa. "Kalunde, unangoja shahidi wako aive?"

"Ndiyo, afande. Wako hawaivi hata wakipikwa."

Jumatano chupa zote mbili zilikuwa kijani. Alhamisi zilikuwa kijani. Mulinge alianza kupita mbali na ukuta ule kwa huruma. Abdiya alikuja kila siku na chai ya mumewe, na kila siku alikuta inspekta mzima wa polisi amesimama akitazama maji.

"Hiyo ndiyo itamtoa?" aliuliza Alhamisi.

"Ikitaka."

"Na isipotaka?"

"Itataka, mama," alisema Kalunde, na hakuwa akimfariji. Alikuwa na hakika. Alichokiogopa ni kalenda, kwamba mwani ungegeuka Jumanne na Daud ashtakiwe Jumatatu.

Ijumaa chupa ya Mbaluka ilifanya tope, rangi ya majani makavu. Jumamosi ilikuwa kama chai ya rangi. Ile ya birika ilikuwa imepauka, imeshuka chini manjano, inanuka. Jumapili saa tano asubuhi Kalunde alitoka nje na kuikuta chupa ya Mbaluka imekuwa nyekundu kabisa, nyekundu ya bwawa la tatu. Alipiga makofi peke yake pale uani kama mtoto.

Kisha akapiga simu Matiliku.

Mbaluka aliletwa alasiri, amevaa suti ya kanisani. Kalunde alimsomea haki zake, akamuuliza kama anataka wakili. Akasema hataki. Chupa ilikuwa mezani, imefunikwa kwa gazeti.

"Mzee wa kanisa anasema hukuwako Jumapili ile."

"Amesahau. Ni mzee."

"Yale maji yako ni ukungu?"

"Nilisema ni ukungu."

"Tulichukua chupa tatu mbele yako. Lakiri ulizitia sahihi wewe mwenyewe. Tazama moja."

Aliliondoa gazeti.

Mbaluka alitazama. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, na Kalunde akamwacha aiguse chupa.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Mmetia dawa gani?"

"Hatukutia kitu. Tuliitoa samadi yako, tukaiweka juani, tukaiacha na njaa. Siku tano."

"Siku tano," alisema Mbaluka. "Mimi nimengoja miezi minne." Akajifunika uso kwa mikono ile iliyochimba mabwawa manne. "Kwa hivyo hakunidanganya."

Kalunde alimnyamazisha pale pale. Sheria haimruhusu mpelelezi wa kesi kuandika ungamo, kwa hiyo aliitwa Inspekta Mkuu kutoka kituo kingine, na mbele yake, Kalunde akiwa ameketi pembeni tu, Mbaluka alisema yote bila kuulizwa mara mbili.

Mama yake alikuwa anakufa. Mbaluka alituma ujumbe Kanyangi kwamba hana mtu wa kusimama mahali pake. Aliporudi kutoka mazishini, Gedion alimsomea jina lake kwenye orodha ya waliokatwa, mbele ya wote, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua sauti. Hata wakwe zake walinyamaza. Siku ile alijaza mtungi mbegu ya kijani, akaondoka nao. Kwake huo haukuwa wizi. Ilikuwa jasho lake.

"Niliitunza kama mtoto," alisema. "Samadi bora, kivuli, maji safi. Ikajaa. Lakini nyekundu hakuna. Nikajua kuna dawa ametuficha. Jumapili nikampelekea, nikamwambia, Gedion, ulininyima mabwawa, usininyime dawa."

"Akasema nini?" aliuliza Inspekta Mkuu.

"Akaangalia mtungi, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, sasa naona. Akasema, Mbaluka, umeishibisha. Inyime, ianike, itese, itakupa rangi. Akatoka nje kunionyesha bwawa. Mimi nikaona ananicheza. Nani anatesa mmea halafu anavuna? Huyu amenitoa kwa mwethya, sasa anataka niue hata hii mbegu kidogo niliyo nayo, halafu waje wanicheke Kanyangi yote. Ule mwiko ulikuwa hapo tu. Alikuwa amenipa mgongo, anaongea bado."

"Alikuwa anasema nini?"

"Kwamba siku ya kwanza na ya pili nisiogope, haitabadilika. Niwe na subira."

Kalunde aliyatazama yale mavazi safi ya kanisani na kusikia uchungu, kwa Gedion aliyekufa akifundisha, na kwa huyu pia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wazee walisema. Hawakusema kwamba mara nyingine jirani naye hulia.

Mbaluka alitia sahihi kila ukurasa. Akipelekwa mahabusu, alisimama mlangoni.

"Madam, itoeni juani sasa," alisema. "Imeteseka vya kutosha."

Jumatatu saa tatu mwendesha mashtaka aliiambia mahakama kwamba hana shtaka dhidi ya Daud. Alitoka mahakamani amekonda kidogo, Abdiya kando yake ameshika mkono wa shati lake kana kwamba atapotea tena. Kalunde alikuwa amesimama nje, akawaeleza habari yote kutoka mwanzo, kwa sababu aliona ni haki yao kuijua kabla ya soko.

Daud alisikiliza mpaka mwisho.

"Gedion aliambia mtu ukweli, akauawa," alisema. "Mimi nilidanganya, nikalala ndani siku saba. Sasa madam, mtu aseme nini?"

"Ukweli, Daud," alisema Kalunde. "Lakini useme ukimtazama mtu usoni. Usimpe mgongo mtu unayemwambia ukweli."

Abdiya alikuwa wa kwanza kucheka, kisha akalia, hapo hapo, mbele ya watu wote, kwa kilio alichokuwa amekizuia wiki nzima.